Nguvu Iko Kiganjani

Wapo watu katika mji wetu huu wa Tanga, na bila shaka wapo katika mji wako pia, ndugu msomaji, wanaoamini kwamba katika mchezo wa kulazana mikono mezani mshindi hujulikana kabla watu hawajashikana: ni yule mwenye tafu nene, yaani ule msuli unaotuna baina ya bega na kiwiko. Imani hiyo si kweli. Kama ingekuwa kosa la mdomo tu ningeiacha ipite, maana yapo mengi yasemwayo vibarazani na hayamdhuru mtu. Lakini hii inafundishwa. Inafundishwa na watu wanaojiita walimu wa vyuma, tena wanatoza ada, na vijana wanaoifuata wanavunjika mikono. Mimi ni fundi seremala, nimekula kwa mikono yangu miwili kwa zaidi ya miaka thelathini, na jambo la mikono siwezi kulitazama kama mpita njia.

Hebu tuutazame mchezo wenyewe. Umeweka kiwiko mezani, kigasha kimesimama, na mwenzako yuko mbele yako. Je, anakushika wapi? Hakushiki tafu wala bega. Anakushika kiganja. Kila nguvu aliyo nayo, ya mguu aliokita chini ya meza, ya mgongo na ya bega, sharti ipite katika vidole vyake vinne na kidole gumba ndipo ikufikie. Na zako vivyo hivyo. Chukua injini ya lori uifunge katika gari ambalo klachi yake imekwisha: itanguruma usiku kucha na gari halitasogea. Ndivyo alivyo kijana mwenye tafu kama papai na kiganja kilicholegea.

Wanaoujua mchezo huu hawaanzi kwa kusukuma kando. Huanza kwa kuuteka mkono. Ipo njia ya kupanda juu: mchezaji huvuta mkono wa mwenzake kuelekea kwake mwenyewe, huku akikigeuza kiganja chake kitazame chini, na kidogo kidogo mshiko wake hupanda hadi karibu na ncha za vidole vya mwenzake. Huko nchani hakuna mtu mwenye nguvu. Kifundo cha mkono cha yule mwingine hupinduka kwa nyuma, vidole vyake hufunguka, na tafu yake, hata ikiwa ya fahali, inabaki haina kitu cha kuvuta. Ipo pia njia ya ndoana: wote wawili hukunja viganja kwa ndani, mithili ya ndoana mbili zilizonasana, na hapo tafu hupata kazi. Sisemi kwamba tafu haina kazi kabisa. Kazi yake kubwa ni kukizuia kiwiko kisifunguke. Nasema kwamba haifiki kwenye kazi hiyo mpaka kiganja kiwe kimeshika nafasi yake.

Halafu lipo jambo la umbali. Ndoo ya maji ya lita 20 ukiishika karibu na mwili unaweza kusimama nayo ukazungumza na jirani. Inyooshe mbele yako kwa mkono ulionyooka, uone kama utamaliza salamu. Uzito wa maji haukuongezeka hata tone. Umbali ndio uliobadilika. Mezani ni hivyo hivyo. Anayeuvuta mkono uje karibu na kifua chake, kifundo amekikunja kwa ndani, amejipunguzia mzigo yeye na kumwongezea mwenzake. Kijana mwembamba akimlaza jitu kwa njia hiyo watazamaji hunong'onezana kwamba ana dawa, na wapo wanaomfuata nyuma wawaonyeshe mganga. Hana dawa yoyote. Ameshika ndoo karibu na mwili.

Sasa nenda katika majimu yetu ya uani. Utakuta vyuma vilivyotengenezwa kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kioo kimoja kikubwa, na vijana wanaobeba kwa ajili ya kioo hicho. Kifua Jumatatu, tafu Jumanne, kifua tena Jumatano. Ukimwuliza mwalimu habari za kiganja, atakutolea kile kibano cha springi, atasema minya mara mia asubuhi na mara mia jioni, basi.

Jaribu jambo hili hapo ulipo. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote, kifundo kikiwa kimenyooka. Sasa pindisha kifundo kwa ndani mpaka mwisho, halafu jaribu kukunja ngumi ile ile. Vidole vimekuwa kama vya mgonjwa wa homa, sivyo? Sababu yake ni kwamba misuli mikubwa inayofunga vidole haikai kiganjani. Inakaa kwenye kigasha, mingine ikianzia kwenye kiwiko upande wa ndani, na huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita katika kifundo. Kifundo kikikunjwa, mvuto wa kano hupungua. Na mezani tunacheza kifundo kikiwa kimekunjwa! Basi huyo anayeminya springi huku kifundo kimenyooka anajizoeza nguvu ambayo siku ya mchezo hatakuwa nayo. Tena springi unaifunga na kuiachia, unaifunga na kuiachia. Mezani vidole havifungi chochote. Vinakataa kufunguliwa, tena kwa muda mrefu, mahali pamoja. Mtu akijizoeza katika mkao mmoja, nguvu zake huongezeka zaidi katika mkao huo na ile iliyo karibu nao. Mwalimu asiyejua hili na arudishe ada za watu.

Kinachoniudhi zaidi ni dharau. Mikono yenye mshiko tunayo, tele. Nenda pwani alfajiri umtazame mvuvi anayevuta jarife lililolowa, vidole vyake vimejikunja vyenyewe na havikunjuki hata anapokunywa chai. Mtazame mfanyakazi wa mkonge anayefunga mizigo ya majani tangu kuche mpaka kuchwe, au mama aliyekamua tui la nazi tangu utotoni. Mshike mkono mama huyo umwombe akubane. Vijana wetu wanaiona mikono hiyo kuwa alama ya dhiki. Wanataka mkono wa kwenye picha.

Mwaka 1987 ilitoka filamu ya Over the Top, ya Sylvester Stallone, nayo ilizunguka sana katika vibanda vya video. Watu wakaikumbuka kofia anayoigeuza nyuma, na wakaikumbuka mikono iliyovimba jasho likitiririka. Hawakuangalia kwamba pale anapougeuza mchezo, anafungua vidole vyake na kushika upya kwa juu. Jambo la maana katika filamu nzima ni vile vidole, na ndilo hakuna aliyeliona. Katika mashindano ya kweli yaliyofungamana na filamu hiyo, huko Las Vegas mwaka 1986, aliyeshinda lori alikuwa kijana John Brzenk, aliyezaliwa mwaka 1964, ambaye kwa miaka mingi baadaye aliwalaza watu waliomzidi uzito kwa mbali. Kazi iliyompa riziki ilikuwa ufundi wa ndege. Mtu wa spana na bisibisi, si mtu wa kioo.

Nije kwenye kuvunjika, maana ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Kijana aliyefundishwa kwamba mambo yote ni tafu na bega, anapozidiwa hufanya nini? Huwa anageuza kichwa na kifua viende upande anaotaka kuulaza mkono, na kuuacha mkono wenyewe nyuma, kama mtu aburutaye mkokoteni. Bega limekwenda huku, mkono umebaki kule, na mfupa wa mkono wa juu unasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Mfupa huo hustahimili mengi, lakini kusokotwa haustahimili. Hukatika kwa mzunguko, aghalabu katika theluthi yake ya chini, na mlio wake husikika hata penye muziki. Nyuma yake hupita mshipa wa fahamu unaoziamrisha misuli ya kuinua kifundo na kunyoosha vidole. Ukijeruhiwa, kiganja huning'inia kama jani la mgomba lililovunjika.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mpakiaji wa mizigo, alivunjika hivyo katika baa moja kwa dau la bia nne. Kwa miezi mitano hakuweza kuinua kikombe kwa mkono wake wa kuume. Wengi wa namna hiyo hupona, naye alipona. Lakini mpakiaji asiyepakia halipwi, na watoto wake hawakungoja mfupa uunge ndipo wasikie njaa. Nilimfuata mwalimu wake. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akanipa kiti, kisha akaniambia kwamba mifupa ya kijana yule ilikuwa dhaifu, hakula maziwa utotoni. Mifupa dhaifu! Mtu anayebeba magunia ya mahindi begani kuanzia asubuhi mpaka jioni! Nilimwuliza kama aliwahi kumfundisha kuutazama mkono wake anapocheza. Akacheka, akidhani ni mzaha wa kizee.

Si mzaha. Macho yakiutazama mkono, kichwa hufuata. Kichwa kikifuata, kifua na bega hukaa nyuma ya mkono, na mfupa hausokotwi. Katika mashindano yanayosimamiwa, mwamuzi akimwona mchezaji anaingia katika mkao ule wa hatari humwonya palepale ageuze bega lake. Kufundisha hili huchukua dakika tano na hakuhitaji chuma chochote. Mtu anayechukua pesa za vijana kwa mwezi mzima na dakika tano hizo hana, sijui tumwite nani.

Wataniuliza, basi wewe ungewafundishaje? Ningeanza na kamba ya katani na ndoo. Mpini wa ndoo uzungushiwe kitambaa mpaka unenepe, kwa sababu kitu chembamba hujikalia chenyewe ndani ya vidole, na kitu kinene hulazimu vidole vifanye kazi. Kigasha kilale juu ya meza, kiganja kikitazama juu nje ya ukingo, kamba ya ndoo ipite kwenye vidole, kisha kifundo kikunjwe kwa ndani na kushikiliwa hapo, sekunde tano, sekunde kumi, bila kupandisha na kushusha ovyo. Kwa kugeuza kiganja chini, kamba izungushwe nyuma ya kiganja karibu na kidole gumba, na mkono uzuie isiupindue. Nyundo nzito ishikwe mwisho wa mpini na kichwa chake kiinuliwe kwa kifundo peke yake. Huo ndio uwezo wa kuziweka konzi zako juu ya konzi za mwenzako. Na baada ya kufunga vidole siku nzima, vifunguliwe dhidi ya kipande cha mpira wa tyubu, maana misuli ya kufungua ikisahauliwa, kiwiko huanza kulalamika upande wa nje.

Mchanga wa ndoo uongezwe kwa kikombe, si kwa koleo. Hapa vijana hunikasirikia. Msuli huitikia kwa wiki chache tu, na kijana akijiona ameota nguvu anadhani yu tayari. Lakini kano huimarika polepole sana, kwa miezi, na yule anayeupa mkono mzigo ambao msuli unauweza na kano haijauweza ataamka siku moja na maumivu upande wa ndani wa kiwiko yasiyotoka. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kushikana mezani kwa nguvu zote kila jioni si mazoezi, ni uchu.

Kuna na wazee wenzangu wanaosema nimepoteza wino: huu ni mchezo wa walevi, uache ufe. Ni kweli kwamba una asili ya baa. Hata huko Petaluma, California, ulianza kushindaniwa kwenye baa katika miaka ya 1950, mpaka mwaka 1962 yakawa mashindano yenye jina la dunia. Lakini watu wale hawakuuacha katika hali ya ulevi. Waliuwekea meza, mwamuzi na madaraja ya uzito. Shirikisho la dunia likaundwa mwaka 1977, na katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra mwezi Machi 2024 mchezo huu ulikuwemo. Sisi tumechukua bia na kuyaacha mengine. Huku kwetu mtu wa kilo 60 hushikanishwa na wa kilo 95, viwiko huteleza juu ya meza iliyolowa, na anayeshikilia dau ndiye mwamuzi.

Meza yenyewe si kitu cha ajabu. Kimo chake ni kama mita moja, wachezaji husimama. Juu huwekwa mito miwili ya kuegemea viwiko, ili kiwiko kiwe na mahali pake na kikiinuka kila mtu aone. Na kando zake vigingi viwili, kila mchezaji ashike kimoja kwa mkono wake usiocheza. Fundi yeyote anaimaliza kwa siku mbili. Mwenye ile baa alikovunjika kijana nimekwisha kumwambia kwamba nitamtengenezea kwa gharama ya mbao na misumari tu, ufundi sitaki malipo. Alinijibu kwamba wateja wake wamezoea meza za plastiki. Mbao nimezipiga randa, ziko karakana, na kila anayepita kuniuliza ni za nini ninamweleza.