Mkate wa Wagibeoni na ujumbe wa "Hongera, umeshinda"

Ndugu msomaji, fungua simu yako uangalie ujumbe ulioingia wiki hii. Kama wewe hukuambiwa kwamba umeshinda mamilioni, basi mtu wa nyumbani mwako ameambiwa. Ujumbe unaanza na hongera. Unataja mtandao wa simu unaoutumia au benki unayopita mbele yake kila siku, kisha unakupa namba ya "meneja". Ukipiga, anapokea mtu mstaarabu, anakuita mama au baba, na nyuma yake zinasikika sauti kama za ofisini. Mkishazungumza vizuri ndipo linakuja lenyewe: kuna ada kidogo ya kuthibitisha zawadi, au kodi, na inatakiwa kabla ya saa kumi jioni.

Kwenye WhatsApp linakuja kwa sura nyingine. Unaletewa kiungo chenye nembo ya kampuni kubwa inayodaiwa kuadhimisha miaka kadhaa, unajibu maswali manne mepesi, unachagua sanduku. La kwanza tupu, la pili lina simu mpya. Ili uipate, uwatumie kiungo hicho watu 20. Kwa njia hiyo kundi la kwaya au la jumuiya linaeneza utapeli kwa siku moja, na kila aliyesambaza alidhani anawapendelea wenzake.

Tumezoea kusema kwamba wanaotapeliwa ni wajinga au wana tamaa. Mimi sikubali. Soma kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Watu wa Gibeoni waliogopa kuangamizwa, wakaamua kujifanya wageni kutoka nchi ya mbali. Walikwenda kambini Gilgali na viriba vilivyochakaa, viatu vyenye viraka na mkate mkavu uliokwisha kuota ukungu. Wakadai kwamba mkate huo ulitoka nyumbani ukiwa moto. Yoshua na wakuu wakafanya nao agano, wakawaapia. Baada ya siku tatu wakagundua kwamba ni majirani zao.

Hao waliodanganywa walikuwa viongozi, watu wazima wenye uzoefu wa vita. Tena hawakuwa wazembe kabisa. Walishuku tangu mwanzo, wakauliza kama hawa si watu wa jirani. Walipokea vyakula vyao wakavikagua. Lakini kila walichokagua kilitoka katika mfuko wa yule yule waliyemshuku, na Biblia inasema wazi kwamba hawakutaka shauri kwa Bwana.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokamatwa. Mama anayepigiwa simu huwa anauliza, "Nitajuaje kama ni kweli?" Tapeli alikuwa akilisubiri swali hilo. Anamtumia picha ya kitambulisho cha kazi. Anamuunganisha na "mshindi wa jana" anayelia kwa furaha. Anamletea ujumbe unaofanana kabisa na ule wa fedha kuingia. Mama ameuliza, amejibiwa, ameridhika. Ameshikishwa mkate wenye ukungu.

Kwa hiyo usichunguze kwa njia uliyopewa na anayekuita. Kata simu. Piga 100, ambayo ni huduma kwa wateja, kwa mkono wako mwenyewe, au nenda kwenye duka la mtandao huo au tawi la benki. Na jua haya machache. Michezo ya bahati nasibu nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kodi ya ushindi hukatwa na mwendeshaji wa mchezo kabla hajakukabidhi fedha, kwa hiyo anayekutaka utume kodi kwanza amekwisha kujitaja. Mtu anayetaka kukuwekea fedha anahitaji namba yako ya simu tu. Namba ya siri ni ya kutolea. Na kama hukushiriki shindano lolote, umeshinda nini?

Utaniuliza: si laini zote zilisajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020? Ni kweli. Lakini kuna wauza laini wa mitaani wanaokuambia kidole hakijasoma, uweke tena, na kumbe ile ya pili ni laini nyingine kwa jina lako. Bibi wa kijijini anaweza kuwa mmiliki wa laini inayoibia watu mjini naye hana habari. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao ikafutwe.

Sasa nigeukie kanisani, maana hapa tuna deni. Wenye kumbukumbu hawajaisahau DECI. Watu waliambiwa wapande kidogo wavune kingi, kwa lugha ile ile ya mimbari, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Bado hadi leo zipo madhabahu ambako muumini anafundishwa kwamba akitanguliza fedha, muujiza wa fedha utafuata. Akishazoea kusikia hivyo kila Jumapili, sauti ya "meneja" inayomtaka atangulize Sh50,000 haimshtui. Mchungaji wake alikwisha kuandaa masikio yake. Najua wapo watakaokasirika kwa kusoma hili.

Deni la pili ni namna tunavyowapokea walioumizwa. Mweka hazina wa kikoba akitapeliwa fedha za wenzake, tunaanza kumnong'ona, naye anakopa kimya kimya azirudishe, mumewe asijue, na tapeli anaendelea na jirani yake. Kule Gilgali kusanyiko nalo liliwanung'unikia wakuu. Yoshua aliwaita Wagibeoni, akawauliza wao kwa nini wamedanganya.

Kama wewe ndiye uliyetuma, msomaji wangu, usisubiri ibada iishe. Piga 100 sasa. Fedha ambazo hazijatolewa kwa wakala huenda zikazuiwa. Nenda polisi, hili ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ule ujumbe utume kwenda 15040, na ukiulizwa namba iliyoutuma, iandike. Mwambie mwenzi wako leo. Halafu ujiandae, maana baada ya siku chache anaweza kukupigia mtu akijitambulisha kuwa ni askari au ofisa wa mawasiliano, fedha zako zimepatikana, utume ada ndogo tu zirudishwe. Huyo ni yule yule, au ni mwenzake aliyepewa namba yako.