Kuchambua Bila Kula

Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtu anachambua mchele ambao haupo? Sinia tupu mapajani, vidole vinatembea, chuya zinatupwa huku, mawe kule, na mchele wenyewe hakuna? Kama hujamwona, njoo huku kwetu Newala uingie darasani saa ya Kiswahili. Utatukuta tumeinama tunanakili ubaoni: fani, maudhui, dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi. Riwaya yenyewe je? Ipo moja. Iko kabatini na ufunguo kaondoka nao mwalimu.

Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa mtindo huohuo. Takadini ya Ben Hanson niliichambua kabla sijaiona hata jalada. Nilikuwa na kijitabu cha uchambuzi, chembamba kama kiberiti, nikakariri dhamira zote mpaka nikawa naziota. Mtihani ukapita. Miezi sita baadaye nikaazima riwaya yenyewe kwa jirani, nikakaa chini ya mkorosho, nikamkuta Sekai anatoroka na kichanga chake zeruzeru ili kisiuawe. Jamani, nililia. Kwenye kijitabu mahali hapo paliandikwa "nafasi ya mwanamke katika jamii", nukta. Nani alitupa ruhusa ya kumpitisha mtoto shule miaka minne bila kumwambia kwamba ndani ya kitabu mna mtu anayekimbia?

Na wale wachache tuliosoma kwa mapenzi yetu tulionekana wahuni. Nilikuwa na kitabu kikuukuu, Tutarudi na Roho Zetu? cha Ben Mtobwa, hakina jalada, kurasa za mwisho mtu kazisokotea tumbaku. Uwanda wetu huu wa juu hauna mito, maji ni ya kusubiri, na foleni ya ndoo ina muda kuliko vipindi vyote vya siku. Basi pale kisimani mimi ndiye nilikuwa redio. Namsoma Joram Kiango kwa sauti, wenzangu wananibebea dumu hadi nyumbani. Biashara nzuri! Tulipofika penye kurasa zilizonyofolewa ikabidi mwisho niutunge mwenyewe. Nikautunga siku tatu. Siku ya nne wakagundua, dumu nikabeba mwenyewe wiki nzima.

Mwalimu mmoja akanikamata nacho. Adhabu ilikuwa kung'oa kisiki cha mkorosho. Kosa? "Unasoma uongo."

Uongo! Hebu niulize wazee wangu wa Kimakonde. Lipiko likitoka uwanjani, ngoma zinalia, watoto wanakimbia, ni nani kati yenu asiyejua kwamba ndani ya kinyago mna mtu? Mnamjua hata kwa miguu yake. Mbona hamumkamati mkampa kisiki? Mnakaa kimya, mnacheka, mnaogopa kidogo, mnarudi nyumbani mmejiona wenyewe. Hadithi ndiyo hiyo hiyo, bwana. Hata Askofu Edward Steere, aliyewaleta Masasi watu walioachwa huru utumwani mwaka 1876, miaka sita kabla ya hapo alikuwa amechapisha London kitabu kizima cha hadithi za Waswahili wa Unguja, na paa anayesema yumo. Askofu mzima! Yeye hakuona kuwa anapoteza muda.

Halafu hao wanaotupima hawana hata kipimo kimoja. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku madarasani. Baadaye ikafundishwa humohumo. Kitabu hakikubadilika hata nukta, waliobadilika ni wenye fimbo. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulipata tuzo kabla haujachapwa mwaka 1960, na ni hadithi ya upelelezi, dada yake yule Joram wangu niliyeng'olea kisiki.

Najua nitajibiwa. Watasema hizi riwaya za upelelezi ni bunduki na pombe tu. Sikatai. Willy Gamba wa Elvis Musiba anapenda raha mno, na wasichana wengi mle wamewekwa kama maua ya mezani. Mimi nimegombana nao sana vichwani mwao. Lakini nimegombana kwa sababu nimesoma. Aliyekariri kijitabu atagombana na nani? Watasema tena vitabu ni ghali. Kweli, ila vijitabu vya uchambuzi tulinunua kila mmoja wetu, kwa hela za korosho za wazazi. Wanafunzi watano wangechanga hizo hela wakapata riwaya moja wakazungushiana. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, maana riwaya haiji na majibu.

Siku hizi nina vitabu saba ndani ya gunia la korosho pale nyumbani Makote. Watoto wanaazima. Sharti langu ni moja, ukirudisha unisimulie ulipocheka. Wiki iliyopita binti wa darasa la sita karudisha kimoja, kaniambia hakucheka popote, ila kuna mahali alitaka kumpiga mtu. Nikampa kingine papo hapo.

Na wewe msomaji, kama una nakala ya Joram yenye kurasa zake za mwisho, nitumie kupitia kwa Mhariri. Pale kisimani bado wananidai.