Karatasi tuliipokea jina, kazi tukaiacha

Katika mhadhara mmoja kuhusu maneno ya mkopo, mwanafunzi aliniuliza swali lililonitia haya. Nilikuwa nimekwisha kueleza, tena kwa fahari, kwamba neno karatasi tumelipata kwa Waarabu, nao Waarabu asili yake waliitoa kwa Wagiriki. "Mwalimu," akasema, "ule uji wa nyuzi unaofanyiwa karatasi unaitwaje kwa Kiswahili?" Nikajibu: rojo. "Na ile fremu yenye wavu ya kuuchotea?" Hapo nikababaika.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba upungufu huu si wa lugha bali ni wa mikono yetu. Kwa Wagiriki, neno hilo lilitaja ukurasa uliofanywa kwa mafunjo, mimea ile ile inayojiotea kwenye kinamasi cha Yala bila ya kupandwa na mtu. Karatasi tunayoijua leo ilitoka Uchina, ambako mnamo mwaka 105 Cai Lun aliwasilisha kwa mfalme wake njia ya kuitengeneza kwa magome, matambara na nyavu kuukuu. Kufikia mwisho wa karne ya 8, Baghdad ilikuwa ikijitengenezea yake. Katika karne ya 13, Waitalia wa Fabriano nao wakawa mabingwa. Kila walikopita, watu walipokea kitu pamoja na kazi yake.

Sisi je? Waandishi wa Siyu, Pate na Lamu walichonga kalamu, wakanakili misahafu na kuijalidi kwa ustadi unaostaajabiwa hadi leo. Lakini karatasi waliinunua. Baadhi ya miswada yao, ukiinua ukurasa kwenye mwanga, utaona chapa ya miezi mitatu ya mafundi wa Italia. Tulinunua kitu kilichokwisha kukamilika, na jina lake likatutosha.

Mtu asiniambie kwamba mambo ya kigeni hayashikiki. Mkonge uliingizwa Afrika Mashariki mwaka 1893 kutoka Amerika, na leo nani atamfundisha mama wa Machakos kuparua majani yake, kuanika katani na kusokota uzi pajani? Marehemu mama yangu alisuka viondo maisha yake yote, wala sikumsikia akikosa neno la Kikamba kwa hatua yoyote ya kazi ile.

Kiwanda cha Webuye kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikaingia mikononi mwa wamiliki wapya. Masaibu yake yameandikwa sana. Ninalosikitikia mimi ni kwamba wengi wetu tulisoma kwa madaftari bila ya kuwahi kuonyeshwa jinsi ukurasa mmoja unavyopatikana.

Walimu wenzangu, jambo lenyewe halihitaji mashine. Katakata nyuzi za mkonge, uzichemshe na maji ya majivu mpaka zilainike, uzisuuze, kisha uzitwange kinuni. Ukikosa mkonge, roweka karatasi za mitihani ya mwaka jana. Kila shule inazo tele. Koroga rojo katika beseni la maji, tumbukiza fremu ya wavu, iinue ikiwa imelala sawasawa, maji yachuruzike. Pindulia utando huo juu ya kitambaa, ukandamize, uuanike. Ukurasa wa kwanza utakuwa mnene kama chapati, na hilo lisimvunje mtu moyo.

Wapo watakaosema kwamba karatasi hiyo haitapunguza bei ya daftari. Ni kweli, wala sikuahidi hivyo. Ninachodai ni kwamba mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili waingie pamoja katika kipindi hicho, mmoja na beseni, mwingine na daftari la msamiati.

Mwanafunzi wangu yule amekwisha kuunda fremu yake kwa mbao na wavu wa dirisha. Yeye anaiita kichujio. Wenzake wanashikilia kwamba ni chekeche. Bado wanabishana.