Baiskeli Ipewe Ukuta Wake

Katika nyumba nyingi za Ngamiani, mjini Tanga, yumo mpangaji asiyelipa kodi wala kuandikwa katika daftari la mwenye nyumba, naye huchukua nafasi ya mtu mzima aliyelala. Mpangaji huyo ni baiskeli. Kila jioni huingizwa ndani kwa kuchelea wezi, na kila alfajiri hutolewa nje ili watu wapate kupita. Jambo hili limezoeleka hata halisemwi tena, lakini sisi twaona kwamba yafaa lisemwe.

Tanga ni mji wa baiskeli, na sifa hiyo haikuja bure. Ardhi yake ni tambarare. Barabara za Ngamiani zimenyooka na huitwa kwa hesabu. Mtu aweza kutoka barabara ya ishirini hadi bandarini bila kukutana na kilima cha kumkata pumzi. Jina la Ngamiani lina ngamia ndani yake, lakini kipando kilichoushika mji ni hiki cha magurudumu mawili, na hata bodaboda zilipoenea hazikukiondoa. Kwa mfanyakazi wa kiwandani, mchuuzi wa samaki, fundi na mwanafunzi, baiskeli si pambo. Ni nauli iliyokwisha kulipwa. Anayeibiwa baiskeli yake ameibiwa sehemu ya mshahara wa miezi ijayo.

Sasa na tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Zamani ilitosha jamaa ya watu wa ukoo mmoja. Leo aghalabu kila chumba kina watu wake na ufunguo wake. Vyumba vitatu vikiwa na baiskeli, basi baiskeli tatu zimeegemeana ukumbini. Mzee anayekwenda uani usiku hujikwaa kwenye pedeli. Mtoto huangukiwa. Na iwapo moto utazuka, ukumbi huo huo ndio njia ya kutokea. Ugomvi wa wapangaji huanzia hapo, na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa huamshwa kuja kuamua ni baiskeli ya nani itangulie mlangoni. Wengine huuepa ugomvi kwa kuilaza baiskeli chumbani, kati ya kitanda na kabati, mnyororo wenye grisi ukigusa shuka. Wengine huiacha uani, wakaiachia mvua za masika na hewa ya chumvi.

Dawa iko karibu. Sakafu ya chumba imejaa, lakini ukuta, kutoka usawa wa kichwa kwenda juu, hauna kazi ila kushika kalenda. Fundi wa kuchomelea akikata kipande cha nondo ya milimita 12, akakikunja mfano wa ndoana na kukichomelea kwenye bamba lenye matundu manne, kazi imekwisha. Kipande cha tyubu kuukuu kikivingirishwa juu yake, rimu haitachubuka. Baiskeli ikitundikwa wima kwa gurudumu la mbele, hushika ukuta kwa upana wa usukani tu, yaani kama sentimita 60, badala ya kutanda kwa urefu wa karibu mita 1.8. Hutokeza kama mita moja, kwa hiyo mahali pake ni pembe ya chumba, wala si ukumbini. Baiskeli zetu nyingi ni zile nzito zenye madigadi na karia. Ndoana na ishike rimu mbele ya ncha ya digadi, bati lisibebeshwe mzigo usio wake.

Lakini kuta hazilingani. Ukuta wa matofali ya saruji hushika vema, mradi bolti iingie katikati ya tofali na si kwenye kiungo. Ukuta wa udongo na fito hauaminiki kwa msumari: udongo huachia, na baiskeli ya kilo 20 huja chini pamoja nao. Hapo ubao mnene hufungwa kwanza kwenye nguzo mbili za ukuta, ndipo ndoana ikakazwa kwenye ubao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hutoboka kwa urahisi na humeguka kwa urahisi uleule; zataka bolti ndefu na fundi asiye na haraka.

Wako pia wasioweza kuinua kilo 20 hadi usawa wa kifua, na hao si wachache. Mwambao una jibu lake. Mabaharia wa majahazi huipandisha foromali pamoja na tanga lake kwa kamba na kapi. Kapi moja ikifungwa juu kwenye boriti na nyingine ikashikizwa baiskeli, mkono huvuta kiasi cha nusu ya uzito. Boriti nzima, tunasema, si papi za kupigilia mabati.

Kizuizi kikubwa si nondo wala saruji, bali ni neno la mwenye nyumba kwamba ukuta wake usitobolewe. Hatumlaumu bila kumsikiliza. Wako wapangaji waliohama wakamwachia kuta zenye matundu kama chekecheke. Hata hivyo aupime ukumbi wake, ambao rangi yake huchubuliwa na usukani kila siku, kisha aone hasara ipi ni kubwa: hiyo, au matundu manne yaliyotobolewa kwa mpango.

Huko Uholanzi, mji wa Utrecht ulikamilisha mwaka 2019 maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya kituo chake cha reli. Hatuombi makubwa hayo. Lakini Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, na kila mwenye kujenga vyumba vya kupangisha katika mji kama Tanga, wangeweza kutia vyuma vya kutundikia wakati ukuta ungali ukijengwa, gharama ikiwa ndogo mno.

Kwa nyumba zilizokwisha kusimama, mapatano na yaandikwe kwenye karatasi ileile ya kodi. Mpangaji anunue chuma na amlipe fundi. Mwenye nyumba aonyeshe mahali pa kutoboa na akatwe kiasi kidogo katika kodi ya mwezi wa kwanza. Mpangaji akihama, ndoana ibaki ukutani kwa ajili ya ajaye. Na ukumbi, tangu magharibi hadi alfajiri, uwe mtupu.