Mhadhiri wa Mikrobiolojia Apimwe kwa Lipi?

Vyuo vikuu vinapojadili kumpandisha cheo mhadhiri wa sayansi, hesabu huanzia kwenye machapisho. Kigezo hicho kina haki yake, kwani matokeo yasiyopitiwa na wataalamu wengine hayana uzito. Lakini kwa mwalimu wa mikrobiolojia hakitoshi. Anayetaka kujua kwa nini, na aifuate kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Muyembe alihitimu shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, kisha akachagua kurudi Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hakukuta maabara ya utafiti wala panya wa majaribio. Mwaka 1976 serikali ilimtuma Yambuku, kwenye hospitali ya misheni ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiua. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu. Kila alipochomoa sindano, damu haikuganda. Iliendelea kuchuruzika, ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, akanusurika. Alirudi Kinshasa na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na pa kuipimia. Hivyo virusi vya Ebola vikatambuliwa ng'ambo, na kwa miaka mingi sifa ziliwaendea zaidi walioipokea sampuli kuliko mwalimu huyu aliyewafikia wagonjwa kabla yao.

Ebola ilipozuka Kikwit mwaka 1995, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba wakaishi. Wataalamu wa nje walitilia shaka matokeo hayo, na hoja yao ilikuwa ya msingi: hapakuwa na kundi la kulinganishia, na huenda baadhi ya wagonjwa wangepona hata bila damu ile. Kosa lilikuwa kuliacha swali hapo, badala ya kuliandalia jaribio kubwa zaidi.

Jaribio hilo lilichelewa zaidi ya miaka 20. Watafiti wa Marekani walipata kingamwili iitwayo mAb114 kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit. Kuanzia Novemba 2018, dawa 4 za Ebola zililinganishwa kwenye mlipuko wa Kivu Kaskazini, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wa utafiti. Kati ya waliopewa ZMapp, mojawapo ya dawa hizo, karibu nusu walikufa. Kwa mAb114 walikuwa takriban 35 katika kila 100. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114 kuwa tiba.

Wapo watakaosema kwamba dawa imezaliwa na fedha na mitambo ya wageni, basi maabara za nyumbani ni za nini? Ni kweli, bila ushirikiano huo kingamwili isingepatikana upesi. Lakini utafiti uliwezekana Kivu Kaskazini kwa sababu INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba aliyoiongoza Muyembe tangu 1998, ilikuwa na Wakongo waliofunzwa kupima sampuli pale pale penye mlipuko, hadi kusoma jenomu za virusi wakiwa Katwa. Watu wa namna hiyo hawapatikani kwa dharura. Huandaliwa darasani na maabarani, mwaka baada ya mwaka, na mwalimu ambaye muda huo wote angeweza kuutumia kujiandikia makala.

Kwa hiyo kamati za vyeo ziyahesabu pia haya: wanafunzi walioiva, maabara iliyosimamishwa, mlipuko uliodhibitiwa. Serikali nazo zitenge fedha za vitendanishi na umeme wa majokofu katika bajeti ya kila mwaka, bila kungoja mlipuko na wafadhili wake. Na sampuli zinapovuka mpaka, mkataba utaje mapema nani anazimiliki, nani anaandika matokeo na dawa itawafikiaje waliotoa damu. Mhadhiri anayedaiwa makala huku jokofu lake la sampuli halina umeme anaonewa, na wagonjwa wanaonewa pamoja naye.