TAA ZA GARI ZISIMULIKE MACHONI

Wakati wa mavuno magari hutembea usiku. Pikapu hubeba magunia ya mahindi. Barabarani kuna watu wa miguu, baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Wengi hawana taa.

Gari likija na taa zinazomulika juu, dereva anayekutana nalo haoni kitu. Gari lenye mwendo wa kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva asipoona kwa sekunde 3, amekwenda zaidi ya mita 40. Katika mita hizo huenda kuna mtoto anayetoka kisimani.

Husemwa, "Dereva yule ana kiburi, hapunguzi taa." Mara nyingine amepunguza. Taa zake ndizo zimekaa vibaya. Kuzirekebisha kunawezekana hapa hapa kijijini. Tafuta bisibisi, futi, kipande cha mkaa na kamba ya mita 10. Kamba ile ile tunayopimia mistari ya mahindi inafaa.

Jaza matairi upepo wa kutosha. Chagua mahali tambarare penye ukuta, kama ukuta wa ghala. Mahali pakiinama, kipimo chote ni bure. Dereva akae kwenye kiti chake.

Sogeza gari karibu na ukuta. Weka alama ya mkaa ukutani mbele ya katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma moja kwa moja mpaka taa ziwe mita 10 kutoka ukutani. Chora mstari mwingine sentimeta 10 chini ya zile alama.

Giza likiingia, washa taa na uzipunguze. Ziba taa moja kwa kusimamisha kipande cha boksi mbele yake. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili. Moja huinua na kushusha mwanga, nyingine huupeleka kushoto au kulia. Zungusha kidogo kidogo, utazame ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo ni sawa mwanga ukipanda kidogo upande wa kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi wanakopita kulia. Skrubu haitaziponya, zibadilishwe.

Usishushe mno kwa kuogopa. Taa iliyo sentimeta 70 kutoka chini, ikipimwa hivi, hufika mita 70 mbele. Ukiishusha sentimeta 20 badala ya 10, itafika mita 35 tu, na ng'ombe aliyelala barabarani utamwona umeshachelewa.

Sasa juu ya mzigo. Magunia yakijaa nyuma, pua ya gari huinuka na taa huinuka nayo. Hapo ndipo taa nyingi nzuri huharibika. Baadhi ya magari yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba 0 mpaka 3. Pima kikiwa kwenye 0, gari likiwa tupu. Ukipakia, kigeuze kwenye namba kubwa, mwanga utashuka. Kama gari lako halina kigurudumu hicho, na kila usiku hubeba magunia, lipime likiwa na magunia yake.

Skrubu ikishikwa na kutu usiilazimishe, hukatika. Mwite fundi.