Kabla ya kumwaga pombe ya mama, mfundishe kupoza
Na Eliaichi Mosha

Msako wa pombe za kienyeji ukipita, mapipa hupinduliwa, uwanja ukalowa, na mama aliyepika akabaki amesimama pembeni. Ameambiwa pombe yake ni chafu. Hakuna aliyemwambia uchafu uliingilia wapi.

Sizungumzii gongo, hiyo ina hatari zake na sheria zake. Nazungumzia pombe ya kuchachua, na hasa mbege ya kwetu Kilimanjaro. Nashikilia kwamba inapoharibika, mara nyingi kosa si la ndizi wala la ulezi. Kosa limo katika zile saa ambazo hakuna anayezijali, tangu sufuria inapoepuliwa hadi pombe inapoanza kuchachuka.

Mbege hupikwa kwa njia mbili zinazokutana mwishoni. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu mpaka ziwe nyekundu, kisha huachwa zipoe na kukaa siku kadhaa zichachuke, ndipo zichujwe. Pembeni hupikwa uji wa kimea cha ulezi, ukatiwa gome la msesewe linaloleta ule uchungu tunaoujua. Uji nao lazima upoe kabla ya kuchanganywa na maji ya ndizi. Ukiumimina ungali wa moto, unaiua hamira iliyozaliwa kwenye ndizi kwa siku zote hizo, maana joto la nyuzi 50 na zaidi hamira hailistahimili. Baada ya hapo utasubiri povu ambalo haliji.

Kwa hiyo kila mpishi anajua kwamba lazima apoze. Shida ni namna anavyopoza. Sufuria inapochemka, karibu kila kijidudu kilichomo hufa. Joto likishashuka chini ya nyuzi 60 ulinzi huo umekwisha, na pale ndani pana sukari, maji na uvuguvugu. Atakayetangulia kuingia ndiye atakayetawala. Ikitangulia hamira, tunapata pombe. Wakitangulia bakteria wa siki, au wale wanaotoka kwenye mikono na maji machafu, tunapata ukali usiotarajiwa, harufu ya kuvunda na matumbo ya kuuma. Wapo pia vijidudu vinavyojifungia ndani ya ganda gumu, vikavumilia hata kuchemshwa, halafu vikaamka uvuguvugu ukiwa mrefu. Ndiyo maana kupoza polepole kwenye pipa kubwa lisilofunikwa, usiku kucha, ni kuwakaribisha wote hao.

Baya zaidi ni haraka ya dakika za mwisho. Wateja wameshafika, uji bado wa moto, mtu anachota ndoo ya maji ya mfereji na kuimimina humo humo. Kazi yote ya kuni na moto inapotea hapo, kwa sababu kilichouawa kwa kuchemsha kimerudishwa kwa ndoo moja.

Wenzetu waliwahi kulitungia jambo hili sheria. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, Ujerumani, alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi ilikuwa ikiharibika. Walikuwa hawajawahi kumwona bakteria, lakini walishamtambua adui yao kuwa ni joto. Ilipofika miaka ya 1870, Carl von Linde aliunda mashine za kutengeneza ubaridi, na kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich kikawa miongoni mwa vya kwanza kuzijaribu.

Siku hizi wapika bia wa nyumbani huko Ulaya na Marekani hutumbukiza bomba la shaba lililoviringishwa ndani ya sufuria, wakapitisha maji baridi humo. Lita 20 zinazochemka hupoa kiasi cha kutiwa hamira ndani ya nusu saa hivi. Ni njia nzuri, ila inakula maji mengi, na kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam haifui dafu: maji ya bomba ya pwani yenyewe ni ya uvuguvugu, na hakuna kinachoweza kupoa kupita maji yanayokipoza.

Mama wa Marangu au Kibosho hahitaji shaba. Ana jioni zenye baridi na ana mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Agawe uji kwenye sufuria ndogo ndogo za alumini, kwa sababu pipa la plastiki hushikilia joto. Kila sufuria aifunike kwa mfuniko au kitambaa kilichochemshwa, aiketishe kwenye karai la maji ya mfereji, na maji hayo ayabadilishe yakipata moto. Akoroge kwa mwiko uliotoka kwenye maji yanayochemka. Maji ya mfereji yabaki nje ya sufuria. Akitaka kuongeza maji ndani, yawe yaliyochemshwa jana yake na kufunikwa. Wa pwani afanye hivyo hivyo, aongeze barafu kwenye karai.

Hayo yanafundishika kwa asubuhi moja. Marekani, tangu Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya Oktoba 1978 inayowaruhusu watu wazima kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kodi, ujuzi huu umeandikwa vitabuni na kufundishwa hadharani. Huku kwetu mpishi anajifunza kwa kujificha, na anayejificha hamwulizi afisa afya swali lolote.

Ndugu afisa afya wa kata, una kipimajoto na una elimu. Kabla hujaenda na askari, nenda siku moja na karai, ukae na akina mama wapoze mbele yako. Atakayeendelea kuuza uchafu baada ya hapo, mchukulie hatua. Nami nitakuunga mkono.